Wa Mgongoni

"Abiria wote arobaini na mmoja wameonekana!" Gody wa kikosi cha uokoaji alitangaza ufukweni Musoma, akazima injini ya boti. Watu wakapiga makofi.

Marcelina, aliyeopolewa muda si mrefu, alisimama ghafla. Kanga ya kumbebea mtoto ilikuwa imelegea mgongoni, haina kitu.

"Bado Nyanjura wangu," alisema kwa sauti ndogo.

Gody akapekua orodha ya meli ya matembezi iliyopinduka. "Dada, mbona huyo humu hayumo?"

"Ana miezi saba. Karani alisema wa mgongoni haandikwagi."

Makofi yakakatika. Gody akaitupa ile orodha mchangani, akavuta kamba ya injini kwa nguvu. Marcelina alikuwa ameshapanda.