Saba Wanatosha

Saodah alipanda mabasi mawili kutoka Parit hadi Kuala Kangsar kwenda kumnyoa mjukuu wake. Kunyoa ni neno kubwa. Alichotaka ni kishungi kimoja tu, akikate yeye mwenyewe, kidondoke kwenye dafu pamoja na vya wageni wengine, kama ilivyo desturi ya kwao. Mwanawe Rosman alimwahidi kwenye simu: "Mama, mkasi utaushika wewe kwanza."

Norhaida, mke wa Rosman, alimpokea kwa ncha za vidole. Saodah hakushangaa. Siku ya harusi yao aliuonja mchuzi wa bibi harusi, akatangaza mbele ya watu mia tatu kwamba paka wake akipewa ule mchuzi atahama nyumba, na atahama na paka wote wa mtaa. Watu walicheka mpaka hema likayumba. Norhaida hakucheka, na mama yake, Hajjati Kamsiah, alikuwa na kumbukumbu ndefu kuliko mto Perak.

Waimbaji wa maulidi walipofika kwenye marhaban, nyumba nzima ikasimama. Rosman akapita na mtoto kifuani, Kamsiah ubavuni mwake na sinia: dafu lililochongwa meno ukingoni, maji ya waridi, mkasi. Majina ya wakataji Kamsiah alikuwa nayo kwenye karatasi. Imamu akakata wa kwanza. Saodah akajiambia imamu ni imamu. Wa pili mwenyekiti wa kijiji. Wa tatu, wa nne, wa tano, sinia linampita puani kama gari la wakubwa. Wa saba alikuwa mke wa muuza matairi, aliyeuliza huku akikata, "Wa kike huyu?" Alikuwa wa kiume.

Kamsiah akakunja karatasi.

"Na mimi je?" Saodah akauliza.

"Aa, dada! Tumeshafika saba. Ukikata wewe wanakuwa nane, na unajua mwenyewe, lazima iwe witiri, isigawike kwa mbili."

"Basi mtafute wa tisa. Nyumba imejaa watu. Au mikono yenu mmeiacha mlangoni na viatu?"

Wawili watatu wakacheka. Kamsiah hakuwamo. "Wageni wana njaa, dada. Wali unapoa."

Saodah akamgeukia mwanawe. "Rosman, mimi nakata wa nane, wewe unafunga tisa. Ni pumzi mbili tu, mwanangu."

Waimbaji, wakiona mambo hayajaisha, wakarudia ubeti wa mwisho. Wakaurudia tena. Mara ya tatu mzee mmoja akachoka, akakaa chini peke yake. Rosman alimtazama mkewe. Norhaida alikuwa anaubana upya mtandio ambao haukuwa umelegea.

"Mama," Rosman akasema kwa sauti ya chini, "saba wanatosha. Usituharibie shughuli."

Kamsiah akalifunika dafu kwa kitambaa.

Saodah, ambaye ulimi wake ungeweza kufua nazi, aliupa kazi ya chakula tu. Akakaa, akala wali wa manjano na nyama ya rendang mpaka sahani ikang'aa, asije mtu akasema ameondoka kwa hasira. Mtoto alikuwa amekwishapelekwa chumbani, na mlango umerudishiwa.

Alipokuwa anatafuta viatu vyake, binti mmoja wa jirani, aliyewekwa mlangoni kugawa mayai ya kuchemsha yenye maua ya karatasi, zawadi ya wageni, alimpa moja kwa mikono miwili.

"Asante kwa kuja, bibi. Wewe ni wa upande wa mama au wa baba?"

Saodah akageuka. Kule ndani Rosman alikuwa anawapanga wale saba kwa ajili ya picha, anawaomba wasogeleane.

"Sina upande, mwanangu. Nilikuwa napita tu."

Binti akamwonea huruma, akamwongezea yai la pili, ale njiani.