Tapeti za Sufiani

“Ukibana zaidi ya hapa valvu zitaungua,” alisema fundi Eustace, ameshika kibati chembamba cha kupimia nafasi ya tapeti za pikipiki. “Ziache zigonge kidogo, bwana Sufiani.”

“Abiria wa hapa Rwamgasa wakisikia pikipiki inagonga wanasema imechoka. Bana!”

Fundi akabana, injini ikanyamaza kama maji mtungini, na Sufiani akatamba nayo wiki tatu.

Leo amepiga kiki mpaka goti limekufa ganzi. Valvu zimeungua, injini haina pumzi. Na pikipiki hii ndiyo fidia pekee aliyopewa duara lake, shimo alilochimbia dhahabu, lilipozungushiwa seng'enge na kampuni ya mgodi. Siku ile pia wachimbaji waliambiwa wanyamaze, nao wakanyamaza.

“Si nilikwambia?” aliuliza fundi Eustace.

“Uliniambia,” alijibu Sufiani, akapiga kiki tena.