Amplifaya ya Kufika kwa Humoud

"Usichukue hino kubwa, Bwana Khatib," Fundi Hija aliniambia. "Weye una chumba kimoja tu. Ndogo yakutosha, na sauti yake tamu."

Juu ya meza yake pale mjini Chake palikuwa na amplifaya mbili. Ndogo ilikuwa na taa mbili za kioo za kukuzia sauti, na alipoipigia santuri, udi ulisikika uzi kwa uzi. Kubwa ilitoka kwenye sinema iliyofungwa. Ilikuwa kuukuu, imeungwaungwa, ndiyo maana niliimudu. Ilikoroma. Lakini alipoipandisha, vikombe vyake vilitetemeka rafuni.

"Hii," nikasema.

"Wataka kumsikizisha nani weye?"

Halikuwa jambo lake. Nilitaka kumsikilizisha Tatu, binti wa dada yangu Mwanaasha, mtoto wa miaka saba. Nyumba yao iko nyuma ya migomba yangu. Tangu uchaguzi, Humoud, mume wa dada yangu, alipiga marufuku: mtu wa chama changu hasalimiwi, haalikwi harusini wala mazikoni, hata akiwa mjomba. Tatu alikuwa akipenya migombani kuja kusikiliza gramafoni yangu ya kuzungusha kwa mkono. Siku moja baba yake akamkamata, akamcharaza bakora mbele ya macho yangu. Nilimrushia Humoud jiwe, likampata begani. Mtoto akaburutwa akilia, "Mjomba, sauti kwetu haifiki!"

Nikaapa itafika. Hasira hasara, husema watu. Mimi hasara nilikuwa siijali.

Nilirudi na amplifaya, spika yake, betri na sindano ya umeme ya gramafoni saa nne asubuhi, kwa gari la ng'ombe. Njiani majirani wawili walinipita kimya. Sikustaajabu, maana hatukuwa tukisalimiana. Uani kwa Humoud wanaume walikuwa wamejaa kwenye majamvi. Mkutano wa chama chao, nikajiambia, na damu ikanichemka.

Nikaiweka spika dirishani, ikitazama migombani. Nikasubiri taa zipate moto. Nikaweka taarabu aliyoipenda Tatu, yenye fidla na vigelegele, nikazungusha kitufe mpaka mwisho. Wahutubie sasa tuwasikie! Nilicheka peke yangu. Wallahi, nilicheka.

Hawakupiga hodi. Mlango ulivunjwa kwa teke, na Humoud akaingia na panga, macho mekundu. Sikungoja aseme. Nilimrukia, nikampiga kichwa cha pua, damu ikaruka ukutani. Wenziwe wakanivamia. Mmoja alinishushia mpini wa jembe, na mfupa wa mkono wangu wa kulia ukavunjika. Niliusikia juu ya muziki wote ule. Nikaanguka. Udongo mbichi ulidondoka kutoka kwenye jembe, ukaniingia mdomoni. Humoud alinikalia kifuani, akanikaba koo kwa mkono mmoja, panga juu kwa mwingine.

"Vigelegele?" alinguruma. "Siku ya kumzika mwanangu wanipigia vigelegele?"

"Mwana gani?"

Panga lilibaki hewani. Nyuma yake mzee mmoja akasema polepole, "Hakwambiwa."

"Nani angemwambia?" mwingine akauliza.

 Fidla tu ndiyo iliyoendelea.

Ndipo Mwanaasha akaingia. Miaka miwili nilikuwa namwomba Mungu dada yangu akanyage tena nyumba yangu, na sasa aliikanyaga, mchi wa kutwangia mikononi. Nilijua ananijia mimi. Sikujikinga, nilitamani anipige. Akanipita. Aliinua mchi, akaupiga kwenye amplifaya, taa ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikilipuka na kutema moshi, na vigae vikimchana miguu. Aliendelea kupiga hata muziki ulipokwisha, mpaka mumewe akaniacha akaenda kumshika.

"Homa," aliniambia akihema. "Siku tatu alikwita, Khatib. Kila akizindukana, mjomba. Na mie sikukwita."

Akautupa mchi. Nililia kwa sauti mbele ya watu ambao jana ningewatemea mate.

Waliniacha nifuate jeneza, nyuma kabisa. Hakuna aliyenipisha nilibebe. Mwili ulipokwisha kutiwa kaburini, walisogea kidogo, nami nikamtupia mpwa wangu udongo mara tatu, kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa unaning'inia.