Kola Saba za Jezi Namba Mbili

Klabu ya raga ilikuwa imekufa miaka tisa, lakini jina lake lilikuwa bado juu ya lango la uwanja. Alilipaka rangi nahodha wake, marehemu mume wa Fundi, mama mshona nguo. Yeye na wenzake ndio waliong'oa mawe pale kwa sururu. Sasa lango lilikuwa likijengwa upya, na ofisi ya michezo ilitamka wazi: litabaki jina la klabu iliyocheza hapo mechi zisizopungua mia moja. Ushahidi ufike Ijumaa kabla ya saa kumi.

Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo, saa saba mchana. Fundi alisogeza nguo kwenye cherehani, akafungua daftari aliloletewa na Katibu. Klabu ilikufa, lakini cheo hicho kilimng'ang'ania mzee wa watu hadi misibani.

"Shemeji, mbona mechi kumi na moja tu?"

"Ndizo hizo."

"Miaka kumi na minane, mechi kumi na moja? Mlikuwa mnacheza au mnapiga picha?"

Katibu alikohoa. "Hizo ndizo tulizoshinda. Kushindwa tuliwaachia waliotushinda waandike wao."

"Na daftari zao ziko wapi?"

"Klabu zao nazo zimekufa."

Fundi alimtazama kama anavyotazama suruali iliyokatwa fupi. Kitambaa kikishakatwa hulii, unatafuta kiraka. Alipanda kiti, akashusha mkebe wa biskuti kutoka juu ya kabati.

Ndani mlikuwa na kola saba kuukuu na jezi moja. Timu nzima haikuwa na nauli ya kucheza kwingine, ilikuwa na seti moja tu ya jezi, na baada ya kila mechi zilifuliwa na yeye. Kola zile zilivumilia maji mara thelathini. Zikipita hapo, skramu moja tu, wakisukumana mabega na kushikana kola, inazichana. Basi kila akifua, alitia mshono mwekundu ndani ya kola ya namba mbili, jezi ya mumewe, ajue siku ya kubadilisha zote.

"Hesabu," alisema.

Katibu alivaa miwani. Alihesabu kola ya kwanza, ya pili, akaenda hadi ya saba. Kila moja mishono thelathini. Kwenye jezi yenyewe, miwili.

"Mia mbili na kumi na mbili," alinong'ona. "Na mazoezi je?"

"Mazoezini kila mtu alivaa fulana yake. Wewe yako ilikuwa na tundu mgongoni."

Katibu hakucheka. "Shemeji, tukipeleka hizi, watu watajua tulifungwa mara mia mbili."

"Na moja. Mia mbili na moja."

"Moja ilikuwa sare."

"Sare nayo mbona hukuiandika?"

"Tulikuwa tunaongoza."

"Vaa viatu, baba. Saa nane hiyo."

Ofisini, afisa michezo, binti mwenye kalamu sikioni, alizigeuza kola mezani. "Mama, huu ni ushahidi wa kufua nguo."

"Mwanangu, jezi haijichafui yenyewe."

Afisa alitabasamu, lakini hakugusa muhuri. "Nakuamini. Ila lazima kiongozi wa klabu aorodheshe mechi kwa mkono wake, na matokeo, kisha asaini."

Katibu aliinamisha kichwa. Fundi alimvutia kiti.

"Mume wangu alirudi nyumbani na pua iliyovunjika mara tatu, na Jumamosi iliyofuata alikuwa uwanjani. Kufungwa hakukumtia aibu. Wewe, uliyekaa pembeni na kalamu, umeibeba ya nini miaka yote hii?"

Saa ya ukutani ilisema nane na nusu. Kisha Katibu alichomoa kalamu mfukoni, akafungua daftari ukurasa mtupu.

"Ya kwanza," alisema polepole, "hamsini na tatu kwa sifuri. Mvua ilinyesha. Ya pili, arobaini kwa tatu. Ile tatu aliipiga nahodha."

Afisa alishangaa. "Mzee, unazikumbuka?"

"Zote," alisema Katibu. "Zile kumi na moja ndizo hunichanganya."

"Andika, shemeji," alisema Fundi, akakaa mlangoni asipite mtu wa kumkatiza.