Wastani wa Umri wa Baba

Binti wa fundi lifti alikuwa anafua soksi kwenye sinki la bweni mama yake alipompigia simu kumwambia kwamba nyumba yao imekuwa ya mviringo. Imekuwa hivyo mchana ule ule, baada ya chakula, bila kishindo. Wenyewe wako salama na paa halivuji. Tatizo ni kabati la nguo, ambalo sasa haliegemei ukuta kwa sababu ukuta umepinda, na nyuma yake pamebaki uwazi ambao paka ameshaufanya chumba chake. Mama alitaka kujua kama huko ughaibuni wanauza makabati yenye mgongo wa kupinda.

Binti alikamua soksi na kuzianika. Alikumbuka kwamba asubuhi ile mhadhiri alisema darasani kuwa watu wa kanda fulani ya mbali huishi katika nyumba za mviringo. Kanda yenyewe ndiyo ya kwao. Alikuwa amekuja kwa muhula mmoja, kwa mpango wa vyuo viwili kubadilishana wanafunzi, na kwa kuwa madarasa ya takwimu aliyoyafuata yalikuwa yamejaa, msajili alimwandikisha kwenye somo la jamii za nchi za mbali, ambalo lilikuwa na viti vitupu. Hivyo ndivyo alivyopanda ndege mbili kwenda kufundishwa habari za nyumbani.

Mhadhiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, na mfukoni hakukosa peremende za kuwagawia wanafunzi wenye kikohozi. Ujanani aliwahi kufika kanda ile akakaa majuma mawili, na sehemu kubwa ya majuma hayo alikuwa kitandani anaumwa tumbo. Aliyoyaona kupitia dirisha la nyumba ya wageni aliyaandikia kitabu, na kitabu kikapendwa sana. Aliyoyasoma humo kwa sauti darasani yalikuwa yanatokea kweli kule.

Juma lililofuata alisema kwamba kule hakuna jengo linalozidi ghorofa ya chini. Jioni alipiga simu baba mwenyewe. Maghorofa yote ya mjini yalikuwa yameshuka, ofisi zikajipanga chini moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeumia isipokuwa mhasibu mmoja aliyemwagikiwa na chai. Ila kuhusu lifti mhadhiri hakuwa amesema lolote, kwa hiyo lifti zilibaki. Zilisimama zenyewe katikati ya uwanja, na watu waliendelea kuzitumia kwa mazoea. Walipanda mpaka juu, mlango ukafunguka, wakatazama upepo, wakashuka.

Baba alisema mkataba wa matengenezo haujaisha, kwa hiyo anaendelea kutia grisi. Hakuwa na kinyongo. Alilalamika kidogo tu kuhusu baridi ya kule juu, na kuhusu meneja wake, aliyeng'ang'ania kwamba mahudhurio yatasainiwa pale pale yalipokuwa yakisainiwa siku zote, ghorofa ya sita.

Kipindi kilichofuata binti alinyoosha mkono. Alieleza kwamba nyumba za kwao zilikuwa na kona, kwamba baba yake hutengeneza lifti, na kwamba fundi lifti hawezi kusomesha watoto mahali pasipo na ghorofa. Wanafunzi wenzake waligeuka wakamtazama kwa upendo mwingi. Mhadhiri alimshukuru kwa ushuhuda wake, akamwuliza chanzo chake ni kipi.

"Mimi natoka huko," binti alisema.

"Hilo naliheshimu. Lakini imeandikwa wapi?"

Alikwenda maktaba kutafuta ilipoandikwa. Rafu ya kanda ile ilikuwa na matoleo ya kitabu cha mhadhiri, kuanzia la kwanza hadi la karibuni, na vitabu vya watu wengine waliomnukuu. Basi akamwomba baba ampigie nyumba picha. Picha ilikuja safi kabisa, nyumba ya mviringo, baba kasimama mlangoni na spana yake, anatabasamu. Mhadhiri aliifurahia mno. Juma lililofuata ilikuwa ukutani, kubwa, na darasa zima likainakili.

Tangu hapo binti alijifunza kukaa kimya. Alikaa safu ya nyuma akiomba kimoyomoyo kwamba siku hiyo wazungumzie mimea. Kwa majuma kadhaa walizungumzia mimea kweli, na nyumbani hapakutokea cha ajabu zaidi ya bustani ya jirani kugeuka kichaka cha miiba. Kisha, Jumanne moja yenye mvua, mhadhiri alichora mstari ubaoni na kusema kwamba kule wastani wa umri wa mwanamume ni miaka hamsini na miwili.

Baba alikuwa na miaka hamsini na tisa. Binti alinyakua mkoba wake, akatoka mbio mpaka kwenye korido. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na namba ya nyumbani akaikosea mara mbili. Mama alipopokea, nyuma yake zilisikika sauti za viti vinavyoburutwa.

"Baba yako amefariki, mwanangu," alisema. "Ngoja nikupe uongee naye."

Baba alisema asiwe na wasiwasi, yeye hajambo. Alikuwa ndani ya lifti, katikati ya safari, ilipomfikia kwamba ameshafariki muda mrefu. Alimalizia kukaza nati aliyokuwa akiikaza, akashuka, akaenda kumwarifu daktari, naye daktari akaridhika.

Binti aliomba simu iwekwe spika, akawapigia wote somo la takwimu pale pale koridoni. Aliwaeleza kwamba wastani si mwisho. Wengine hufa kabla, wengine huishi mbele yake kwa miaka mingi, na kazi ya wastani ni kukaa katikati tu. Walimsikiliza kwa adabu. Mjomba alijibu kwa niaba ya ukoo kwamba hesabu ni nzuri na wote wanajivunia elimu yake, ila hema la msiba limeshasimamishwa na watu wameshaanza kufika.

Msiba ulikwenda vizuri. Baba alisaidia kupanga viti, kwa sababu ndiye pekee aliyejua ni vipi vyenye miguu mibovu, na waombolezaji walipokwisha kuketi akawapitishia chai. Shangazi alisimama kumsifu. Alimtaja kuwa kaka aliyemlea, mtu asiyewahi kumnyima kitu, maneno ambayo katika uhai wake wote hakuwahi kumwambia, na baba akaweka birika chini akalia.

Baada ya hapo maisha yaliendelea bila yeye, naye yumo. Kazini walimwandalia hotuba ya buriani, wakachukua spana zao. Majirani walimsema kwa wema mbele yake, kwamba alikuwa mtu wa watu. Mama alivaa nguo nyeusi. Alimpakulia chakula kama kawaida, ila usiku marehemu alilala sebuleni, kwa kuwa haikuonekana vizuri mjane kulala chumba kimoja na mwanamume. Binti aliyasikia haya yote kwa simu, akalia kilio cha mfiwa. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba kila alipokuwa analia, baba yake ndiye aliyekuwa anambembeleza.

Mitihani ilipokaribia alikwenda ofisini kwa mhadhiri. Mhadhiri alimpa peremende na kumwambia kwamba anaandaa toleo jipya la kitabu. Majibu ya mtihani ndiyo kipimo chake, alisema. Mwanafunzi anayetoka kule akijibu kinyume na kitabu, yeye mhadhiri atalazimika kuitazama upya ile namba ya wastani wa umri. Bila shaka kwenye mtihani wenyewe jibu litahesabiwa kosa, kwa kuwa mtihani unafuata toleo lililopo, na swali hilo litabeba nusu ya alama.

Kufeli somo lile kulikuwa na maana ya kuondolewa kwenye chuo chake cha nyumbani, huo ndio uliokuwa mkataba. Na baba ndiye aliyekuwa amewatangazia abiria wote wa lifti zake, kila walipokuwa wamebanwa naye humo ndani hawana pa kukimbilia, kwamba binti yake atakuwa mtakwimu. Binti hakumpigia simu kumwomba ushauri. Alijua angemwambia nini.

Kwenye chumba cha mtihani aliandika hamsini na tisa. Aliitazama mpaka msimamizi akatangaza kwamba muda unakwisha. Akaikata kwa mstari mmoja, juu yake akaandika hamsini na mbili.

Alirudi nyumbani na alama ya juu kuliko wote. Marehemu baba yake alimpokea uwanja wa ndege na kumbebea sanduku, na watu waliokutana nao njiani walimpa binti mkono wa pole. Baba aliwaitikia kwamba wameshapoa. Walipofika sebuleni alivaa miwani, akasoma karatasi ya matokeo juu mpaka chini, kisha akauliza waliulizwa nini.

"Wastani wa umri wa wanaume wa huku," binti alisema.

"Ukaandika ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Na ungeandika wangu?"

"Ningefeli. Huenda wewe ungerudi." Akashindwa kumtazama. "Nisamehe, baba."

Baba alikunja karatasi taratibu. Alisema amefanya vizuri, na kwamba yeye hajalea mtu wa kufeli. Aliitia karatasi kwenye mfuko wa shati, akaugusa mfuko kwa kiganja. Jikoni mama alikuwa anaosha vyombo na kuimba kwa sauti ya chini. Baba aliinama karibu na binti yake ili asisikike.

"Wanawake, kitabu kinasema ngapi?"

"Hamsini na tano."

Mama angetimiza hamsini na tano mwezi wa Desemba. Baba alivua miwani, akanyanyuka, akaenda jikoni kuomba kitambaa afute sahani. Mama alimwambia kwamba marehemu mume wake hakuwahi kufuta sahani hata moja maisha yake yote, kisha akamsogezea nafasi kando ya sinki.