Kamba Kwenye Mkono wa Baba

Wenzake wa kazi walimwita Popo kwa sababu maisha yake yalikuwa ya kuning'inia. Baba yake walimwita Mzee Nanga, kwa kuwa tangu ujana hakuwahi kumwachia mtu kamba. Binti alisafisha vioo vya majengo marefu akiwa amekaa kwenye ubao, baba alimshusha na kumpandisha kutoka juu ya paa, na kwa kazi hiyo nyumba mbili zilikula na kuvaa. Watu wa maofisini waliona tu mkono wenye povu ukipita dirishani, wakanyanyua vikombe vyao, wakarudi kwenye kompyuta. Nani aulize mwisho wa kamba yuko nani?

Utaratibu wao ulikuwa wa kizamani, na Mzee Nanga hakutaka kusikia mwingine. Ubao ulining'inia kwenye winchi ya kuzungusha kwa mkono, iliyofungwa ukingoni mwa paa. Kamba ya pili, ya akiba, ilishika mkanda aliovaa Popo kifuani, ubao ukimtoka asianguke. Ya tatu ilikuwa nyembamba, kama ya kuanikia nguo, na hiyo ndiyo iliyobeba maneno. Huku chini ilining'inia kwenye bega la Popo, kule juu ilifungwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa Baba. Kuvuta mara moja, simama. Mbili, shusha. Tatu, pandisha. Baba naye alivuta mara moja kujibu kwamba amesikia. Kule juu upepo unakula sauti, na mikono yenye sabuni haishiki simu.

Sasa siku hizi jibu lilikuwa linachelewa.

Wiki iliyopita Popo alivuta kuomba asimame, ubao ukaendelea kushuka kana kwamba hakuna aliyesema kitu, mpaka ndoo ikagonga ukingo wa dirisha na maji yote yakamwagika. Alipopanda juu amefura kwa hasira, alimkuta Baba anatabasamu.

"Yule mama wa jengo la pili," Baba alisema, "kila lifti yao ikianza kuunguruma anafungua dirisha. Umewahi kuona? Nadhani anasikia joto la mashine ukutani."

"Baba, mimi nilikuwa navuta kamba!"

"Nimekusikia, mwanangu. Nimechelewa tu."

Ndivyo alivyokuwa. Ng'ombe hazeeki maini, na kichwa cha Mzee Nanga hakikuwa kimelala hata kidogo; shida yake ni kwamba kilikuwa kimefunguka mno. Kila kitu kiliingia bila kubisha hodi. Alijua mlinzi gani anachechemea akiwa na viatu vipya. Alichukua mpini wa mwavuli uliovunjika akaitengenezea ndoo kulabu nzuri kuliko za dukani, na alipoulizwa amelitoa wapi wazo hilo, alishangaa hata yeye. Tena alikuwa anatunga nyimbo, mtu ambaye miaka yote hakuwahi kuimba hata bafuni.

Popo alimpeleka kwa daktari. Yule mama daktari alimketisha Baba mbele ya kompyuta, akamwambia abonyeze kitufe kila akiona duara jekundu, na picha nyingine zinazopita azipuuze. Baba alikosa maduara kadhaa. Halafu daktari, kama mtu anayetania tu, akamwuliza zile picha za kupuuza zilikuwa za nini. Mzee akazitaja, birika, mkasi, punda, ngazi, akiongeza na kwamba ngazi ilikuja kila mara baada ya punda.

Daktari alicheka. "Mzee, huumwi. Kichwa cha kijana ni chujio jipya, kinazuia majani yote. Chako matundu yamepanuka, majani yanaingia kikombeni. Unajifunza mambo bila kujua kwamba unajifunza, na siku moja yanaungana yenyewe, unapata wazo ambalo kijana hawezi kulipata."

"Na kazi ya kuangalia kitu kimoja tu?" Popo aliuliza.

Daktari aliacha kucheka. "Kazi gani?" akasema. Popo alimshukuru, akamshika Baba mkono, wakatoka.

Mumewe Popo alikuwa fundi magari, na habari za chujio hazikumwingia. Kwake breki inashika au haishiki. Asubuhi hiyo alisimama mlangoni akiwa ameshika mkoba wa kazi wa mkewe, hataki kumpa.

"Mimi baba yako nampenda, unajua. Lakini leo ukivuta kamba asijibu, hata mara moja tu, iwe basi. Hupandi tena chini ya mkono wake. Niahidi, mama watoto."

"Itamuua. Hana kingine."

"Na wewe ukianguka, mimi nitawaambia nini wale?" Alielekeza kidole chumbani, watoto walikolala.

Popo aliahidi. Akabeba ahadi hiyo pamoja na ndoo, ngazi kwa ngazi, mpaka juu ya paa.

Jengo lenyewe lilikuwa la ofisi, refu, na walikuwa wanaelekea kumaliza upande wa barabarani. Chini walishazungushia utepe ili watu wasipite. Pembeni mwa paa, karibu na winchi, lilisimama bango la bati la kampuni iliyohama zamani. Maandishi yamefutika, hakuna aliyejali kuliondoa. Upepo ulikuwa wa kawaida. Baba alifunga kamba nyembamba mkononi, akaikagua, akaanza kuimba chinichini wimbo unaochechemea, sauti ndefu tatu halafu fupi moja.

"Baba, leo tusiimbe."

"Kwani naimba?" Alishangaa kwa dhati. "Haya, nimenyamaza. Wimbo wenyewe siujui. Umekuja tu tangu tuanze jengo hili."

Popo alimtazama usoni kutafuta kitu cha kumtuliza, akaona baba yake tu, mzee aliyenyoa vizuri, mwenye glavu safi. Akapanda ukingo, akakaa kwenye ubao, akavuta mara mbili. Jibu likaja hapo hapo. Alishusha pumzi. Labda leo itapita salama, alijiambia, na kesho pia, na mume atasahau.

Dirisha la kwanza lilikwenda vizuri, na la pili. Kila alipovuta, alijibiwa. Akavuta mara mbili ashushwe kwenda la tatu, akajibiwa, ubao ukaanza kushuka. Ndipo mkanda wa kifuani ukanasa kwenye komeo la dirisha lililokuwa limefunguliwa nusu.

Mwanzoni hakuliona komeo. Alichokiona ni kwamba ubao unakwenda chini na yeye anabaki. Akavuta mara moja: simama.

Ubao ulizidi kushuka.

Akavuta tena, kwa nguvu. Hakuna. Mkanda ulimpanda hadi kwapani ukambana kifua, ubao ukainama upande mmoja, ndoo ikamtoka na kuchezacheza kwenye kulabu yake. Akapiga kelele, "Baba! Simama!" na upepo ukaichukua sauti hata yeye mwenyewe asiisikie vizuri. Vidole vyake vilijaa sabuni. Kila alipolishika komeo vilimteleza. Ndani ya kioo kijana mwenye tai aliinua uso, akamwona, akabaki mdomo wazi bila kujua afanye nini. Popo akaikamata kamba nyembamba kwa mikono yote miwili na kuivuta, akaivuta, akaivuta, hahesabu tena, haombi tena kusimama wala kupanda, anaomba tu mtu wa kule juu akumbuke kwamba yupo. Pumzi zilikuwa zinamwishia. Aliwaona watoto wake wamelala. Akamwona mumewe na ule mkoba. Na alichomwonea baba yake wakati huo kilikuwa chuki, chuki tupu, asiyoijua maishani mwake.

Ghafla ubao ukasimama.

Halafu ukaanza kupanda, kasi, kwa mitetemo mikubwa, winchi ikizungushwa kama ya kisima wakati nyumba inawaka moto. Ubao ulipomfikia ukamsukuma juu, mkanda ukachomoka kwenye komeo wenyewe. Vioo vilivyokauka vilimpita mbele ya uso. Alipofika ukingoni alikuwa tayari na maneno mdomoni, makali, ya kumwambia mzazi mara moja na kutorudi nyuma. Hakupata nafasi. Mkono wa Baba ulimkamata ukosi, ukamvuta ndani kama gunia, wakaanguka wote wawili nyuma ya tangi la maji.

Bango la bati liliachia. Lilitoa mlio kama wa mnyama, likapinduka kutoka ukingoni, upepo ukalibamiza ukutani. Walisikia vioo vikivunjika, kimoja, kingine, halafu kishindo kule chini ndani ya utepe.

Popo alitambaa hadi ukingoni akachungulia. Dirisha la tatu halikuwepo tena. Ubao ulikuwa unaning'inia hapo karibu na ukingo, mzima, mtupu. Ndani ya ofisi yule kijana mwenye tai alikuwa amekimbilia mlangoni, hai.

"Umejuaje?" Popo aliuliza.

Baba alikuwa amekaa chini, anahema. "Ule wimbo," alisema. "Nilikuwa nauimba moyoni, si umenikataza kutoa sauti. Ukaharibika. Ile fupi ya mwisho haikuja. Nikajiuliza, wimbo wangu unaharibikaje na mimi ndiye ninayeuimba? Nikasikiliza. Kumbe ni lile bati, mwanangu! Siku zote lilikuwa linalia hivyo, tatu ndefu, moja fupi, na mimi sijui kama nalisikia. Nikageuka, nikaona mguu wake umefunguka. Nikakupandisha bila ishara. Nilijua utashtuka."

Bila ishara. Popo aliyasikia maneno hayo, akayameza yake.

Msimamizi wa jengo alifika juu ametokwa na jasho, akaangalia fremu tupu, akaangalia winchi, akamkumbatia mzee. "Una macho hadi mgongoni, Mzee! Kijana gani angelisikia bati?" Alimpigia simu mume wa Popo yeye mwenyewe, maana namba yake ilikuwa kwenye karatasi za kazi, akamhadithia yote kwa sauti ya juu, kisha akampa Popo simu.

Mumewe alikuwa analia. "Mwambie baba nimekosa. Mwambie anisamehe. Akae hapo mpaka achoke mwenyewe, mimi sisemi tena."

"Nitamwambia," Popo alisema, akamfikishia Baba maneno hayo hapo hapo.

Msimamizi alishuka kuangalia uharibifu, wakabaki wawili. Baba alikuwa na uso ambao Popo hakuuona tangu mama yake afariki. Alizunguka winchi akiigusagusa, akasimulia tena habari ya wimbo, akaongeza kidogo, akacheka peke yake. Mambo yamekwisha, Popo alijiambia. Mume ameridhika, mzee ana furaha, mimi ni mzima. Kwa nini nivunje? Si ameniokoa? Kama angekuwa anasikiliza mkono wake angenisimamisha pale pale, chini ya bati, na leo wangekuwa wananizika. Haya yote yalikuwa kweli. Na ni kweli pia kwamba alimwita hadi pumzi zikaisha, na hakuja. Mshika mbili moja humponyoka, na iliyomponyoka baba yake ilikuwa yeye.

Baba alivua glavu ya kushoto ili afungue kamba nyembamba. Akasita. Kuzunguka kifundo ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu, na sehemu moja ilianza kutoa damu.

"Hii nini tena?" Aliuliza polepole, akiugeuza mkono.

Uongo ulikuwa tayari. Imenasa kwenye mpini wa winchi, Baba. Ulipokuwa unanipandisha. Popo aliuhisi ulimini, laini, na alijua mzee angeuamini kwa furaha.

"Ni mimi," alisema. "Mkanda ulinasa. Nilikuvuta usimame."

"Mara moja?"

"Niliacha kuhesabu, Baba."

Mzee Nanga aliuangalia mkono wake muda mrefu, kama wa mtu mwingine aliyekosa adabu. Furaha ilimtoka usoni taratibu, na Popo alitamani ardhi ipasuke. Alitaka kusema kwamba bati lingemuua, kwamba daktari alisema si ugonjwa. Baba aliinua kiganja kumnyamazisha.

"Nimechubuliwa mpaka damu," alisema, "na sikuhisi."

"Umeniokoa."

"Nimekuokoa na bati. Na kamba je? Kesho hakuna bati, mwanangu. Kesho kuna kamba tu. Ungeninyamazia, ningekuzika mimi mwenyewe."

Alinyoosha mkono akamwomba Popo simu yake. Popo alimpa bila kujua anataka nini. Baba aliinamia namba, akaitafuta ya mkwewe, akabonyeza.

"Mkwe wangu, sikiliza. Umeomba msamaha ambao si wako kuuomba... nyamaza kwanza, baba. Mke wako aliniita na mimi sikusikia. Aliita sana. Tafuteni mtu mwingine wa kushika kamba, kuanzia leo." Akasikiliza kidogo, akimtazama Popo aliyekuwa amekaa kwenye saruji, mikono magotini. "Hapana, yeye yuko salama. Anayelia ni mimi."