Uzio Uliozaa Chupa za Dawa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Machi 2023, saa nne na robo asubuhi, kliniki ya saratani ilipomwambia Nyamoita dawa imekwisha, arudi baada ya wiki mbili. Siku ya kumi na mbili akazikwa nyumbani kwake, juu ya Ekerenyo, kando ya uzio wa vichaka alioupanda mwenyewe, vile visivyopukutisha majani masika wala kiangazi. Mumewe Joash aliishia darasa la nne, lakini kuhesabu wiki mbili anajua. Wakubwa hajawasamehe.

Mwaka huu, mwezi wa Juni, uzio ukazaa chupa. Vichupa vya kioo, vifuniko vya mpira, jina la dawa na tarehe ya kuharibika vimeandikwa vizuri. Jirani alichungulia, akasema wake huzaa viwavi tu, kila mtu na bahati yake.

Gesare, mdogo wa marehemu Nyamoita, alikuja Jumatatu na kikapu cha chai mgongoni. Ugonjwa uleule ulikuwa umemshika, dozi yake ya tatu ilikuwa Ijumaa, na kliniki haikuwa na kitu. Alichuma kama anavyochuma chai, mikono miwili, changa akiziacha.

"Shemeji, dada alikuwa mchoyo wa sukari, lakini hapa amejitahidi."

"Hakuwa mchoyo. Wewe ndiwe ulikuwa unaimaliza."

Mfamasia wa kliniki, Aluoch, binti wa kando ya ziwa, alipima tone moja kwa mashine yake.

"Ni yenyewe, mzee. Huko ng'ambo waliitoa kwenye gome la mti mpaka mti ukaanza kuisha. Wasomi wamesema siku nyingi vichaka vya jamii yake, kama hivi, vinaweza kushika nafasi yake. Ila majani msitafune, ni sumu. Na mimi simdungi mtu bila ruhusa ya ofisi ya afya ya kaunti."

Ofisi ikamtuma Bwana Jethro, na tumbo lake likatangulia kushuka garini. Akageuza chupa, akasema hazina namba ya toleo. Jumatano asubuhi zote zikawa na namba. Akasema zinahitaji fomu. Alhamisi fomu zikachipua katikati ya majani, nakala tatu tatu, mihuri ikiwa na umande. Jethro alivaa miwani, akazisoma, akakiri ziko sawa kuliko za ofisini. Ilibaki sahihi yake.

"Basi weka," Joash akasema.

"Mzee, mimi husaini dawa iliyonunuliwa. Hii nani ameiuza?"

"Hakuna."

"Ndiyo shida hiyo. Nitazungumza na nani?"

Joash alielewa. Mtu hahitaji kufika darasa la tano kuelewa hilo. Akauliza kama uzio haungeweza kuotesha na sahihi, Gesare akacheka mpaka akashika mti wa ndizi: dada yake hakuwahi kumsainia mtu mwingine hata barua ya kanisa. Jethro akapewa mkungu wa ndizi, kwa maana mgeni haondoki mikono mitupu hata awe wa aina gani, naye akaupakia bila kuomba risiti.

Ijumaa Gesare alivaa gauni la kanisani. Alibeba kikapu kimejaa, akagawia foleni nzima, kila mtu na chupa yake, akiwatania kwamba shambani kwao siku hizi hata uzio unamaliza masomo ya udaktari. Watu wakacheka. Aluoch alimpangusa Gesare mkono kwa spiriti, akaweka fomu mezani, akapiga simu ofisini, spika ikiwa wazi wote wasikie.

"Bwana Jethro yuko semina Mombasa," karani akajibu. "Semina ya mimea inayoweza kutoa dawa za saratani. Ni mpaka mwezi ujao."

Joash, aliyemsindikiza shemeji yake, akatazama dari asije akatukana. Gesare, mkono wa gauni ukiwa bado umekunjwa, akaisogelea simu.

"Mpigie huko huko, mwanangu. Mwambie mkono uko hapa, na dawa iko hapa. Yeye anangoja nini?"